Chombo Kimeharibika, Fundi Yuko Wapi?

Televisheni ya Uganda, UTV, ilianza kurusha matangazo yake Oktoba 1963. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Novemba, Waingereza wakaanza kuonyesha Doctor Who, tamthilia ya msafiri anayevuka nyakati ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha polisi. Kwa maelezo ya tamthilia yenyewe, chombo kile kilipaswa kubadili umbo kila kinapotua ili kifanane na mahali kilipo. Mtambo wa kukibadilisha ukakwama. Ukweli wa nyuma ya pazia ni kwamba BBC haikuwa na fedha za kujenga umbo jipya kila wiki. Zaidi ya miaka 60 imepita, waigizaji wakuu wamepokezana mara nyingi, na chombo bado ni kibanda cha polisi. Hakijapata fundi.

Mimi nimekulia katika kambi ya polisi ya Naguru, hapa Kampala, ambako marehemu baba alikuwa makanika wa magari. Huenda ndiyo sababu kile kibanda kibovu kimenikaa moyoni kuliko meli zote za angani nilizoonyeshwa. Nimezitazama tamthilia za kisayansi tangu enzi ya mikanda ya video hadi enzi hii ya simu. Kila kitu ambacho zamani tulizihurumia kwa kukikosa, leo zinacho: picha safi, sayari zinazozunguka kweli, roboti ambazo huoni mtu aliyejificha ndani ya maboksi. Lakini njiani zimedondosha kitu ambacho wakati ule hatukujua kuwa ni mali. Zimedondosha uhaba: mafuta yanayokwisha, mtambo unaokwama, na mtu mwenye mikono michafu anayeitwa usiku wa manane kuja kuutengeneza.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kampala ilikuwa imetoka vitani juzi. Stesheni ilikuwa moja, ya serikali. Kantini ya kambi yetu ilikuwa na televisheni na deki, na mikanda iliazimwa mjini ikiwa imeshapita mikono mingi hata nyuso za watu zimegeuka zambarau. Watazamaji walikuwa wa kila kabila la nchi: Waacholi, Wateso, Walugbara, Wasamia, Wakiga. Lugha ya kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili cha kambini, kilichonyooka panapotolewa amri na kupinda panapoanza utani. Kwa Kiswahili hicho ndipo nilipoonjeshwa mambo ya nyota.

Tulianza na The Six Million Dollar Man. Marekani ilikuwa imekwisha tangu 1978, kwetu ilikuwa mpya kabisa. Rubani Steve Austin anaanguka na ndege, serikali inamtengeneza upya: miguu miwili ya mashine, mkono mmoja, jicho moja. Anakimbia kuliko gari. Watengenezaji hawakuwa na namna ya kuonyesha kasi ile, kwa hiyo wakafanya kinyume: walipunguza mwendo wa picha, wakaongeza mlio. Sisi watoto tulilielewa jambo hilo bila kuelezwa. Uwanjani, aliyetaka kuonyesha kwamba ana kasi kuliko wote alikimbia polepole kuliko wote, akinguruma kwa mdomo. Mgeni aliyepita getini angedhani kambi nzima imepatwa na ugonjwa.

Baba alikuwa na hoja yake. Aliipenda tamthilia ile kwa sababu ilibandika bei mlangoni. “Dola milioni sita,” alisema, “sasa muulizeni amezitoa nani. Anayelipia spea ndiye mwenye gari.” Na kweli, ukiitazama vizuri, Steve Austin si mtu huru. Mwili wake umelipiwa na ofisi ya siri ya serikali, na kila wiki anatumwa kwenda kulipa deni. Hadithi iliyoonekana ya watoto ilikuwa na swali la watu wazima ndani yake, na swali hilo lilikuja kwa njia ya bei.

Kisha ikaja Knight Rider. Watoto walimpenda Michael Knight na ile Pontiac nyeusi inayozungumza. Mzee wangu alimheshimu Bonnie, yule mwanamke fundi ambaye gereji yake ilikuwa ndani ya trela linalotembea barabarani. Michael alivunja, Bonnie alitengeneza, na Michael hakujua hata nusu ya alichofanyiwa. Katika Star Trek ilikuwa Scotty, mhandisi anayepewa dakika tano kwa kazi ya saa tano. Mle kantini, makanika wote walikuwa chama cha Scotty. Nahodha alipotoa amri, wao walicheka kwanza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na afande wa namna ile.

Nilipokua nikasoma kwamba hata lile jambo tulilolistaajabia kuliko yote katika Star Trek, mtu kuyeyuka hapa na kutokea kule, lilizaliwa na ukata. Kutua meli nzima juu ya sayari mpya kila wiki kungekula bajeti, basi wakabuni njia ya kuwashusha watu bila kuitua. Hapo nikaanza kuelewa nguvu ya tamthilia hizi. Filamu ya sinema huwa na fedha za kukufumba macho. Tamthilia ya wiki hadi wiki, kwa miaka mingi, haikuwa nazo, ikalazimika kukupa wazo. Hoja ya kipindi kimoja ilikuwa ndogo, ilifungwa ndani ya saa moja, na ukiamka asubuhi ulikuwa na la kubishania: je, mashine inayoogopa kuzimwa ina haki? Je, nahodha anaweza kuvunja sheria ili kuokoa wengi?

Nguvu nyingine ni kumweka mtu mahali ambapo dunia ya kweli haijamweka. Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi, aliketi kwenye chumba cha uongozi cha meli ya Star Trek kuanzia 1966. Alipotaka kuacha, Martin Luther King mwenyewe alimsihi abaki. Kuanzia 1977 alifanya kazi na NASA kuwahamasisha wanawake na watu weusi kuomba nafasi za uanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, amesema wazi kwamba utotoni alimtazama Nichols. Tamthilia chache za mapenzi zinaweza kujisifu kwa matokeo kama hayo.

Tusizitukuze za kale kupita kiasi, maana kasoro zake zilikuwa kubwa. Kila wiki dunia ilirudi sifuri. Gari lililosagwa Jumamosi hii liling’aa Jumamosi ijayo, aliyefiwa na rafiki alisahau kabla ya wimbo wa kufungia, na sayari zote zilifanana na machimbo ya mawe ya California. Wageni kutoka nyota za mbali walizungumza Kiingereza safi kuliko mwalimu wetu mkuu. Na Afrika ilipotokea, jambo ambalo halikutokea mara nyingi, ilikuwa mahali pa kuanguka chombo na kuokolewa.

Kasoro hizo Kampala tulizitibu wenyewe. Dawa ilikuwa kibanda.

Kwa asiyekijua, kibanda cha video kilikuwa chumba cha mbao na mabati, mabenchi bila mgongo, pazia zito mlangoni, na joto la kupikia mayai. Kando ya televisheni aliketi VJ na maikrofoni yake, akiipunguza sauti ya wazungu na kupandisha ya kwake. Alitafsiri kwa Kiganda, akafafanua, akatania, akaongeza alichoona kinapungua. Majina ya VJ Jingo na KK yalikuwa makubwa kuliko ya waigizaji, na baadaye wakaja wengine akina VJ Junior na VJ Emmie. Tanzania nao walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. Kila mji wa Afrika Mashariki umemzaa mtu wa namna hii kwa haja ileile. Sisi watoto wa kambini tulioketi nyuma tuliwanong’onezea kwa Kiswahili wenzetu wa kutoka West Nile ambao Kiganda kilikuwa hakijawaingia, kwa hiyo roboti mmoja alizungumza lugha tatu kabla ya kufa.

VJ wa mtaa wetu hakuweza kuvumilia chombo kilichoharibika bila maelezo. Injini ikizima kati ya nyota, alituambia rubani aliuziwa spea feki soko la Kisekka. Roboti akikatwa mkono, alipelekwa Katwe kuchomelewa, na VJ akataja bei, na mafundi waliokuwamo kibandani wakapiga kelele kwamba bei hiyo ni wizi. Mtu wa nje angesema anaharibu hadithi. Mimi nasema alikuwa akiijaza pale mwandishi alipoacha tundu. Mwandishi wa Los Angeles hakuona haja ya kueleza nani anatengeneza, kwa shilingi ngapi, na anakula nini akiwa kazini. Katika mji ambao gari huishi miaka 30 kwa mikono ya mafundi wa mtaani, hadithi isiyo na fundi haiaminiki.

Kilele cha mapenzi yangu na tamthilia hizi kilifika katika giza. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka, mabwawa ya Jinja yakapungukiwa nguvu, na Kampala ikaishi kwa mgao: leo umeme, kesho hakuna. Jenereta zilinguruma kila uchochoro. Wakati huohuo katikati ya mji zilimwagika DVD za nakala, msimu mzima ndani ya kisahani kimoja. Katika mojawapo ndimo nilimoikuta Battlestar Galactica, ile mpya iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 2004.

Ile ndiyo tamthilia niliyokuwa nikiisubiri bila kujua. Galactica ni manowari kongwe ya angani iliyokuwa inageuzwa makumbusho. Maadui walipoteka kompyuta za jeshi zima, ni yenyewe iliyonusurika, kwa sababu kamanda wake alikataa kuunganisha mitambo yake kwenye mtandao. Watu wake walikuwa bado wanatumia simu za waya. Mwanzoni mwa vipindi iliandikwa idadi ya wanadamu waliobaki, takriban 50,000, na idadi hiyo ilibadilika. Kipindi cha pili kabisa kinahusu maji yaliyomwagika. Baadaye mafuta yanakuwa shida, na wafanyakazi wa kuyasafisha wanagoma kwa sababu watoto wao wanarithishwa kazi hiyohiyo chafu. Na fundi mkuu, Tyrol, anajenga ndege mpya kwa mabaki, bila amri ya mtu, kwa sababu tu amechoka kuona vitu vinakufa.

Niliitazama pamoja na baba, kwa jenereta ya jirani, tukichangia petroli. Mara mbili tatu mafuta yalikwisha katikati ya kipindi ambacho watu wa Galactica nao mafuta yalikuwa yamewaishia. Mzee alikuwa amestaafu, macho yamepungua, nikimsimulia. Alipotokea Tyrol, mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema, “Hawa wameuliza watu.” Sijasikia sifa kubwa kuliko hiyo kwa mwandishi wa aina yoyote.

Katika visahani hivyohivyo nilikuta Firefly ya mwaka 2002, iliyofutwa baada ya vipindi 14 tu kutengenezwa. Kipindi chake bora, kwa hukumu yangu, ni kile ambacho kifaa kimoja kidogo cha injini kinavunjika, hewa inaanza kuisha, na nahodha anabaki peke yake akisubiri mtu apite amuuzie spea. Hakuna jini wala jeshi la adui. Kuna kifaa tu. Dereva yeyote aliyewahi kulala njiani kati ya Masindi na Arua anaijua hadithi ile.

Lakini miaka hiyohiyo ndipo ugonjwa wa sasa ulipoanza. Lost, iliyoendeshwa kuanzia 2004 hadi 2010, iliteka mji. Watu walikopa visahani, walikesha, walibishana kwenye taksi kuhusu kisiwa kile. Kila kipindi kilifungua mlango mpya bila kufunga wa nyuma, na mwisho ulipofika, milango mingi ilikuwa bado wazi. Tangu hapo ikawa desturi. Tamthilia ya zamani iliuliza swali dogo ikalijibu. Ya sasa huuliza kubwa, ikakukopa miaka yako, na siku ya kulipa haionekani. Mbaya zaidi, kampuni huifuta katikati na mkopeshaji, yaani mtazamaji, anabaki na risiti. Na hata ikiendelea, inakuja kwa awamu za ajabu: msimu wa kwanza wa Severance ulitoka Februari 2022, wa pili Januari 2025. Stranger Things ilianza 2016 na watoto, ikafika mwisho mwaka 2025 na watu wazima waliojibana ndani ya nafasi za wanafunzi.

Heroes nayo ilianza vizuri mwaka 2006, ikayumba baada ya mgomo wa waandishi wa 2007. Katika msimu wake wa tatu akatokea Ntare Mwine, mwigizaji mwenye asili ya Uganda. Tulifurahi, tukaitana. Kumbe amepewa nafasi ya Usutu, mzee wa jangwani anayechora yajayo kwenye mawe ili kumsaidia shujaa mgeni ajitambue, kisha anauawa. Mwigizaji alifanya kazi yake kwa heshima yote. Nafasi ndiyo iliyokuwa nyembamba: Mwafrika anayeiona kesho ya wengine na kukosa ya kwake.

Sense8 ya mwaka 2015 ilikaribia zaidi. Capheus ni dereva wa matatu Nairobi, gari lake limechorwa kwa heshima ya Van Damme, mama yake anahitaji dawa, na majambazi wanamngoja njiani. Mtu huyu anaunganishwa akili na wenzake saba duniani kote. Wakenya walilalamikia lafudhi yake, na walikuwa na haki; walilalamikia pia kwamba kamera iliupenda umaskini kuliko mji, na hapo pia walikuwa na haki. Lakini Capheus alikuwa na kazi, gari lake lilihitaji petroli, na abiria wake walihitaji kufika. Kwa sababu hiyo nilimwamini hata alipofanya yasiyowezekana. Tamthilia ilifutwa mwaka 2017, ikarudishiwa kipindi kimoja cha kufungia mwaka uliofuata baada ya mashabiki kupiga kelele.

Leo mambo yamekaaje? Bwawa la Bujagali lilianza 2012, likafuatwa na Isimba na Karuma; umeme upo kuliko zamani, ingawa bado hukatika bila kuaga. Mgao umehamia kwenye vifurushi vya intaneti. Mwaka 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Binti yangu anatazama safari za nyota nyingine kwenye simu iliyopasuka kioo, spika za masikio zimo, MB zikipungua. Nilimuuliza siku moja chombo kile kinatumia mafuta gani. “Baba, hiyo ni tamthilia tu,” akanijibu, bila kuvua spika. Hakuwa na ubaya. Hakuna aliyemwonyesha kwamba swali hilo huulizwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba wakati tamthilia zimeacha kuuliza, mji wetu ndio umeingia ndani ya hadithi. Baada ya kuuawa kwa afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi Machi 2017, serikali iliamua kufunga kamera barabarani. Mradi uligharimu dola milioni 126, kampuni ya Kichina Huawei ikatoa mitambo inayoweza kutambua sura, na kamera zaidi ya 3,000 zikawekwa Kampala na viunga vyake. Kituo cha kuzisimamia kiko Naguru, mtaa uleule tulikokimbia polepole tukijidai mashine. Swali la baba, nani ametoa hela na kwa hiyo nani mwenye gari, lilikuwa la mchezo kantini. Sasa ni la uraia, na sioni tamthilia inayolibeba kwa watu wa mji huu.

Black Mirror imejaribu kwa Waingereza. Kipindi chake cha Desemba 2011 kinamwonyesha Daniel Kaluuya, kijana wa London aliyezaliwa na wazazi wa Uganda, akiishi katika jengo ambamo watu huendesha baiskeli zisizokwenda popote ili kuzalisha umeme, na kwa jasho lao hulipwa pointi za kununulia chakula na burudani. Matangazo wasiyoyataka wanalazimishwa kuyatazama. Kuyakwepa ni kulipa. Humo yamo yote ninayoyadai: nguvu inatoka wapi, nani anaizalisha, nani anaila. Na kilitengenezwa ndani ya vyumba vichache tu. Jordan Peele alimwona Kaluuya katika kipindi hicho kabla ya kumpa filamu ya Get Out.

Sisemi hadithi zetu hazijaanza. Raymond Malinga na studio yake ya Kampala walitengeneza Herderboy, mojawapo ya katuni 10 za Kizazi Moto zilizotolewa na Disney Julai 2023. Wachungaji wake wa ng’ombe wana viungo vya mashine, na wanaishi katika ufalme wa Wachwezi. Bibi zetu walitusimulia Wachwezi kuwa watu waliotokea kusikojulikana wakatoweka kusikojulikana. Sijui ni taifa gani lina malighafi bora ya bunilizi ya kisayansi kuliko hiyo. Dilman Dila, mzaliwa wa Tororo, ameandika hadithi fupi za aina hii na kutengeneza filamu ya Her Broken Shadow mwaka 2017. Na kule Wakaliga, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alitengeneza Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 kwa chini ya dola 200, akitumia kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipande. Bunduki na vifaa vyake vilichomelewa kwa vyuma chakavu na Dauda Bisaso, fundi ambaye pia ni mwigizaji. Filamu ile asilia haipo tena. Ilifutwa ili diski ipate nafasi ya kazi iliyofuata. Iliyobaki ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie juu yake.

Wala sayansi yenyewe haiko mbali. Makerere walijaribu gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na basi la Kayoola lenye paneli za jua mwaka 2016. Tarehe 7 Novemba 2022 ilirushwa PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kazi ya wahandisi watatu wa Uganda waliosomea Japani: Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke. Barabarani pikipiki za umeme zinabadilishiwa betri kama mtu anavyobadilisha mtungi wa gesi, na mafundi wa boda wanajifunza kwa macho jinsi ya kuzifungua. Hayo yote yana hadithi, na hadithi zake zina spea, madeni, ujanja na hofu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye stesheni na wenye kalamu wa mji huu. Msishindane na Marekani kwa picha. Hapo tumeshindwa kabla ya kuanza, na wala si hapo penye utamu. Tengenezeni vipindi sita tu, gereji moja ya Katwe mwaka 2060, mafundi wanne na mteja mmoja anayekuja na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifungua. Wekeni Kiswahili na Kiganda humo bila kuona haya. Kila kipindi kiulize jambo moja na kulijibu. Kabla ya kuandika, fanyeni kile alichokisifu mzee wangu: waulizeni watu. Mtazamaji wa Kampala atavumilia roboti wa maboksi na sayari iliyopigwa picha Kasubi. Asichopaswa kuvumilia tena ni kesho ambayo umeme haukatiki kamwe na hakuna hata mmoja anayetakiwa kulipa bili.